Mama wa Jaypeetee

Nuvuktalik, 3 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu yako ina joto. Sisi huku tupo. Goti langu linalalamika kama kawaida, na mkweo, yaani mke wangu, yeye aliyekuzaa mara hii, amekushonea glavu za ngozi ya sili. Rubani atakuletea pamoja na barua hii. Anauliza kama unakula. Namwambia mtu mzima hula akiona njaa, lakini hanisikilizi.

Sasa nina neno. Tangu tulipokupa jina la mama yangu, wiki mbili baada ya kumzika, sijawahi kukugombeza. Nani anamgombeza mama yake? Walimu walikuwa wananiita shuleni, nawaambia, mwambieni mwalimu mkuu amseme, mimi siwezi kumsema Ulluriaq. Lakini leo nimekasirika, uniwie radhi.

Jana nilikuwa naenda ziwani Tasirjuaq kutega wavu. Nimekuta vibendera vya rangi ya chungwa vimekata njia yangu, kimoja baada ya kingine mpaka ng'ambo. Na kibao: HAPAPITWI. Chini yake jina lako la shuleni, Leetia, na cheo chako, Mhandisi wa Mazingira. Nikazima pikipiki ya theluji, nikakaa juu ya sleji, nikanywa chai yote iliyokuwa kwenye chupa. Kisha nikageuza. Mimi! Kwa ajili ya vitambaa! Njia ile nilipitishwa nikiwa ndani ya kofia la koti lako la kubebea mtoto, nikiwa mchanga, na mbwa ndio waliokuwa wanavuta.

Ulipoajiriwa na hao watafiti nilinyamaza. Walisema unakwenda kulinda ziwa. Sikujua unalilinda dhidi yangu.

Nimegeuza mara moja kwa heshima yako. Mara ya pili sigeuzi.

Mimi mwanao,
Jaypeetee


Kituo cha Tasirjuaq, 15 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimefurahi kusikia mpo. Mimi ni mzima, ila mdomo umepasuka kwa upepo. Glavu zimefika na kidole gumba kimekaa sawasawa. Mwambie mkwe wangu nakula, na mpishi wa hapa anapika kama mtu aliyekosana na chumvi. Ningekupigia simu ya setilaiti, lakini simu zako nazijua. Ee. Ee. Haya. Umekata.

Vibendera ni vyangu na siving'oi. Sikiliza kwanza kabla hujarusha kikombe. Upande ule ndiko upepo unakotoka. Tumeweka mashine inayonusa hewa, na kazi yake ni kukamata moshi wa viwanda vya kusini uliosafiri mpaka kwetu. Ukipita wewe na hiyo pikipiki yako inayokohoa, mashine inakuona wewe tu. Halafu wenye viwanda wanasema, mnaona? Ni wawindaji wenyewe wanaochafua. Unataka waponee mgongoni mwako? Mimi sitaki. Kwa hiyo kwenye hili sirudi nyuma, hata ukinigomea mwaka mzima.

Lakini ziwa ni lako na wavu ni wako, hilo nalo silibishii. Ipo njia ya nyuma, upande upepo unakoelekea, inayopita katikati ya uwanja wa kituo. Tatizo ni kwamba mtu wa nje haruhusiwi kuikanyaga. Nimesoma kanuni zao zote. Wanaoruhusiwa ni mke, mume au mtoto wa mfanyakazi. Mzazi hakutajwa. Waliotunga kanuni wote wazazi wao wako mbali, hawakufikiria kuna mfanyakazi ambaye baba yake anatega wavu dirishani kwake.

Basi nikaomba kibali. Mtoto: mmoja. Jina: Jaypeetee. Bwana Renwick, mkuu wa kituo, ametia saini akitabasamu, hakuuliza umri. Sikuandika neno la uongo. Wewe ni mwanangu, au siyo?

Njoo kwa njia ya nyuma. Ukifika uwanjani zima injini, na usimtukane mtu.

Mama yako,
Ulluriaq


Nuvuktalik, 4 Aprili

Shikamoo mama,

Sisi wazima, goti limepona kwa sababu nimekula samaki. Natumaini nawe umeonja wale wawili niliomwachia mpishi.

Pole kwamba hukuwepo nilipofika. Waliniambia uko kwenye lile tangi kubwa la dizeli unatoboa ardhi. Umekosa mchezo, ngoja nikusimulie.

Nimezima injini kama ulivyosema. Bwana Renwick ametoka mwenyewe mlangoni, anacheka, ameshika kikoti cha kujiokolea majini, kidogo hivi, cha kumtosha mtoto wa miaka sita. Mezani kulikuwa na kikombe cha kakao na biskuti zimepangwa kama uso wa mtu. Mpishi alikuwa amechora dubu na kuandika KARIBU.

"Mtoto yuko wapi?" ananiuliza, anachungulia kwenye sleji chini ya turubai.

"Mtoto gani?"

"Jaypeetee. Mtoto wa Leetia."

"Ndiye mimi."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaacha.

"Una miaka mingapi, mzee?"

"Sitini na moja."

"Na Leetia ni nani wako?"

"Mama."

"Leetia ana miaka thelathini na mitatu!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hii ni mara yake ya pili."

Mpishi alikimbilia stoo, nikamsikia anacheka huko peke yake. Renwick akawa mwekundu kama nyama mbichi. Mimi nilikuwa nimesafiri kwenye baridi, nikakaa nikanywa kakao yangu. Biskuti nilikula macho na mdomo, pua nikamwachia yeye. Kikoti hakikunitosha.

Alinipisha, kibali kilikuwa na saini yake. Lakini aliniangalia kwa nyuma mpaka nikapotea. Angalia, mama. Mtu anayechekwa nyumbani kwake hasahau.

Mwanao,
Jaypeetee


Kituo cha Tasirjuaq, 22 Aprili

Mwanangu Jaypeetee,

Marahaba. Nimefurahi kwamba goti limetulia. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una moto. Samaki niliwala wabichi, wamegandishwa, mbele ya watu wote, makusudi.

Ulisema kweli, hakusahau. Aliniita mwongo wakati wa chakula, vijiko vyote vikasimama. Nikamweleza kwamba kwetu aliyepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe amerudi, kwamba ulinisalimia kwa heshima nikiwa bado nalala kwenye kofia la koti, kwamba hakuna mtu Nuvuktalik anayekuita vingine ukiwa mbele yangu. Akasema, "Mila zenu naziheshimu, lakini karatasi ni karatasi." Nikamwambia karatasi imeuliza kama nina mtoto, nami nimejibu.

Yangeishia hapo. Lakini kuna jambo kubwa zaidi, na hili usilisome mbele ya mkwe wangu asije akakosa usingizi.

Siku uliyokuja nilikuwa natoboa kuzunguka lile tangi kwa sababu limeinama. Walijenga nyumba ya injini karibu mno, joto limeyeyusha ardhi iliyoganda chini yake, upande mmoja umezama. Plastiki nzito iliyotandikwa chini ya tangi ili kukinga uvujaji imechanika. Shimo la kwanza lilikuwa safi. La pili safi. La tatu, barafu imetoka na rangi ya chai, na harufu yake hata wewe na mafua yako ungeisikia. Dizeli, Jaypeetee. Imelala pale imeganda na tangi linaendelea kuvuja kidogo kidogo. Mwezi wa sita theluji ikiyeyuka, maji yataibeba mpaka kijito, na kijito kinakwenda kwenye wavu wako.

Nimemwambia Renwick tangi litolewe mafuta yote sasa, wakati theluji ni ngumu, na udongo ule uchimbwe kabla ya maji. Maana yake ni kufunga kituo mpaka mwakani na watafiti kurudi makwao. Akafungua droo. Kisha akaniwekea karatasi tupu.

"Andika kwamba ulidanganya kuhusu mtoto," akasema. "Omba radhi. Nitaamuru pampu zianze kesho. Usipoandika, ripoti yako ya dizeli naipeleka makao makuu na barua yangu juu yake, kwamba aliyeiandika ni mtu wa uongo."

Sentensi moja tu, mwanangu, na ziwa linapona. Kalamu nimeishika, mkono ndio umekataa. Niambie unavyoona.

Mama yako,
Ulluriaq


Nuvuktalik, 29 Aprili

Leetia,

Tu wazima. Salamu zimetosha.

Andika. Andika unavyotakiwa, leo hii, rubani akiwa bado anakunywa kahawa. Andika wewe si mama yangu, andika hunijui, andika umeniokota njiani. Nitakuwa mwanao hata ukiandika mara mia. Jina lako halikutoka kwa Renwick na hawezi kulichukua.

Ziwa je? Nuvuktalik nzima inakula kutoka pale. Maji yakiharibika utayarudisha kwa nini, kwa kiburi? Ulikuwa hivihivi mara ya kwanza. Padri alikukataza kucheza ngoma, ukaenda kucheza mlangoni kwake, na sisi watoto ndio tuliozomewa kanisani mwaka mzima.

Nakuandikia kama mzazi. Mtoto husikiliza.

Baba yako


Kituo cha Tasirjuaq, 7 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma nikiwa nimesimama. Natumaini mu wazima wote, na mkwe wangu amekuuliza kwa nini umenuna.

Siandiki. Nimelifikiria ulilosema, na ungekuwa sahihi kama Renwick angetaka radhi tu. Anataka zaidi. Nikisaini kwamba nimedanganya juu yako, nimesaini kwamba mimi ni mwongo. Ataanza pampu kesho, labda. Keshokutwa ataambiwa na wakubwa zake kufunga kituo ni hasara, naye atatoa karatasi yangu: kwani nani amesema kuna dizeli? Si yule mwongo? Na pampu zitasimama. Ziwa litakuwa limekwenda, na jina lako na langu vimekwenda nalo. Kama maneno yangu ni ya kweli, ni ya kweli yote. Hayauzwi moja kununua jingine.

Lakini pia, nisikufiche, hata angekuwa mwaminifu nisingeandika. Nimechoka kutakiwa niombe radhi kwa kuwa mimi. Kusini nilisoma miaka sita wakiniuliza jina langu ni lipi kati ya mawili. Yote mawili!

Kwa hiyo nimefanya hivi. Jana nimefunga koki kuu ya tangi na kufuli ni langu. Mkataba wangu unaniruhusu kuzuia mafuta nikiona hatari. Renwick anasema hatari iliyotajwa ni ya moto tu. Nimemwambia anisomee neno moto lilipo. Anaendelea kulitafuta. Tumebakiza jenereta ndogo ya jikoni, na watafiti wote wamehamia humo, wamelala wamebanana kama sili juu ya barafu. Wengine wamenuna. Yule mama mtafiti anayetunza mashine ya kunusa hewa amenishika mkono. Amenipa nafasi ya kulala karibu na jiko.

Makao makuu wataleta ndege kunitoa, ila ukungu umefunga, hata barua hii inakuja kwa sleji, si kwa rubani. Muda nilionao ni mpaka ukungu uinuke. Nina pampu mbili na mapipa matupu ya kutosha nyuma ya stoo. Sina watu wa kuyaondoa mapipa yakijaa.

Uliniandikia kama baba. Sasa nakuandikia kama mama, na nakuagiza. Waite wenye sleji, wote walio na wavu ndani ya Tasirjuaq. Njooni kabla theluji haijalainika. Na mpite njia ya nyuma! Nikiona moshi hata mmoja upande wa hewa safi, nitakurudisha wewe wa kwanza.

Mama yako,
Ulluriaq


Nuvuktalik, 26 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini huko mjini Iqaluit wamekupa mahali pazuri pa kulala na si chumba cha kufungiwa. Mkweo anataka kujua kama ulivaa glavu ndani ya ndege. Sisi wazima, mikono tu inanuka dizeli, hata mkate unanuka dizeli, lakini hakuna anayelalamika.

Ndege ilipokuchukua uliona vumbi la theluji tu. Hukuona kwamba tulibaki tumesimama mpaka sauti ikaisha. Kisha Renwick akatoka akasema mapipa yaliyobaki yaachwe, ni mali ya taasisi. Tukaendelea kufunga kamba. Alisimama mbele ya sleji yangu. Nikamwambia, mzee, mimi nimeagizwa na mama, wewe umeagizwa na nani? Akasogea. Safari ya mwisho theluji ilikuwa imeshakuwa uji, tulisukuma zaidi kuliko tulivyopanda, lakini tangi ni tupu. Niligonga kwa rungu nikasikia linavyolia.

Mapipa yamepangwa kwenye uwanja wa mafuta wa kijiji, ndani ya tuta la kuzuia mafuta yasitoke, kama ulivyoelekeza. Polisi alikuja.

"Haya ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Iqaluit, anahojiwa."

"Ana miaka mingapi, huyo mama?"

Nikamwambia aandike mia na kitu. Ni kijana mgeni. Ameandika.

Nilikuandikia "Baba yako" mwezi uliopita. Nilikuwa na hasira, unajua watoto.

Nasikia watakuuliza tena ule uongo, mbele ya wakubwa wote, na ukikubali wanaweza kukuachia kazi. Safari hii sikwambii uandike nini. Naogopa tu. Kazi ile uliipenda tangu ukiwa msichana unatia maji ya dimbwi kwenye chupa na kuyatazama juani. Mtu akinyang'anywa anachokipenda mimi siwezi kumfariji, sijui maneno.

Niandikie upesi.

Mwanao,
Jaypeetee


Iqaluit, 10 Juni

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, nimelala hotelini kwa gharama ya wanaonishtaki, na glavu nilivaa. Msalimie mkwe wangu, mwambie nimenenepa.

Kikao kilipoanza nilidai mkalimani. Kiingereza nakijua na wanajua nakijua, mwanasheria wao akaguna. Nikamwambia tunakuja kubishana juu ya neno moja, na nitalijibu kwa lugha ambamo neno hilo limo. Sheria ya huku inaniruhusu. Basi wakaleta mama mmoja wa miaka sabini na kitu, miwani imefungwa kwa kamba ya viatu, anaitwa Rhoda. Aliniuliza jina langu la kwetu, nikamtajia. Aliniangalia, akakaa.

Asubuhi yote alitafsiri vizuri: ardhi iliyozama, plastiki iliyochanika, barafu ya rangi ya chai. Dizeli hawakubisha, walikuwa wametuma mtu wao kutoboa mashimo, akakuta niliyoyakuta. Wakarudi kwenye uongo. Mwanasheria akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mwulize, ana mtoto?"

Rhoda hakunigeukia. "Anaye," akasema kwa Kiingereza.

"Nimesema umwulize yeye."

"Kwa nini nimwulize ninachokijua? Mtoto wake nimembeba mimi. Tulikuwa kambini, kabla ya nyumba za serikali, mimi msichana mdogo. Ulluriaq alikuwa akienda kuangalia mitego ananitupia Jaypeetee mgongoni. Huyo mtoto alinikojolea mpaka viatuni."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia na kusema kwa lugha yetu, "Na wewe hujanishukuru mpaka leo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali lao, hilo sikulitarajia. Nikamwambia, "Asante, Rhoda. Najua alikuwa mzito."

"Sana," akasema. "Na hakuwa akinyamaza."

Mwenyekiti akagonga meza kwamba mkalimani hatoi ushahidi. Rhoda akavua miwani. "Basi tafuteni mkalimani asiyejua ukweli," akasema, "mimi nitasubiri nje." Hakuna aliyemtoa. Karani akauliza aandike nini, kalamu imebaki hewani. Mwenyekiti alinitazama, akamtazama Rhoda.

"Andika," akasema. "Mtoto mmoja, wa kiume."

Kwa hiyo mimi si mwongo, imeandikwa. Ripoti ya dizeli imekubaliwa neno kwa neno. Udongo unachimbwa wiki hii na tangi halitajazwa tena mahali pale. Vueni samaki bila wasiwasi.

Na kazi wamenifukuza. Si kwa uongo, kwa koki. Wanasema nilifunga bila idhini na nikawapa watu wa nje mali ya taasisi. Nililia chooni, sitakuficha, nikanawa uso, nikarudi. Mwenyekiti akaniuliza jambo la mwisho, kama najuta. Rhoda akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikajibu, naye akawapa jibu langu polepole ili karani asikose hata neno: koki niliifunga kwa mkono huu, na mkono bado ninao.

Mama yako,
Ulluriaq